Cheti kwa Cheti: Ndoa za Wasomi na Urithi wa Watoto

 

Mada ya leo ni ndoa, ila shela na keki tuwaachie wenyewe. Nataka tuitazame kamati ya harusi. Kila mwenye simu mjini anaijua. Unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, unakuta majina ya maharusi, namba ya mweka hazina, kisha orodha ya ahadi inayorefuka kila siku, na alama ya vema mbele ya kila aliyekwisha kulipa. Zichukue orodha mbili za namna hiyo uzisome pamoja. Ya kwanza ni ya daktari anayemwoa mwanasheria. Waliomo ni madaktari wenzake, mawakili wenzake bibi harusi, rafiki zao wa chuo, mabosi wa pande zote mbili. Ahadi zinaanzia laki moja kwenda juu. Ya pili ni ya kijana wa bodaboda anayemwoa binti wa mama lishe. Humo wamo wenzake wa kijiweni, majirani, mjomba mmoja wa Morogoro, na ahadi za elfu tano na elfu kumi, nyingine zitalipwa siku yenyewe ya harusi, Mungu akipenda. Tafuta jina moja tu linaloonekana kwenye orodha zote mbili. Hulipati.

Hapo ndipo penye jambo langu la leo. Ndoa inaunganisha koo mbili, tumefundishwa hivyo tangu utotoni. Je, siku hizi inaunganisha koo zipi? Na mali nayo inakwenda wapi?

Kizazi cha kwanza cha wasomi wetu hakikuwa na uchaguzi mpana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, ndani ya jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria wasiozidi 20. Wasichana waliopata nafasi ya kusoma enzi hizo walikuwa wa kuhesabika. Kijana aliyehitimu alirudi kuoa mwalimu wa shule ya msingi au muuguzi kama amebahatika, na wengi walioa binti wa kijijini aliyesoma madarasa machache au asiyesoma kabisa. Mshahara wa serikali ukaingia katika nyumba ambayo upande wake mmoja ulikuwa bado uko shambani.

Na ule mshahara haukubaki mezani. Uliezeka nyumba ya mama mkwe kwa bati. Ulimleta mjini mdogo wake mke, akalala sebuleni, akasoma. Ada ya sekondari ilikuwa imefutwa mapema baada ya uhuru, lakini nauli ya treni, godoro, sanduku la bati na sare vilikuwa na bei yake. Muulizeni profesa au meneja mstaafu aliyezaliwa miaka ya 1950 nani alimpokea mjini na kumnunulia viatu vya kwendea shule. Mara nyingi atawatajia shemeji, mume wa dada. Ndoa ile iliishusha fedha ya ofisini hadi kwa watu ambao ofisi isingewafikia.

Serikali nayo ilikuwa inachanganya watu kwa makusudi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule za misheni mikononi mwa umma. Kijana wa Bukoba akapelekwa Songea, wa Tanga akapelekwa Tabora, wa Mbeya akapelekwa Pugu. Baada ya masomo wakakutana tena Jeshi la Kujenga Taifa, ambako waliomaliza vyuo na kidato cha sita walilazimika kwenda hadi utaratibu ule uliposimamishwa mwaka 1994, kabla ya kurejeshwa mwaka 2013. Matunda tunayo. Mhaya kamwoa Mngoni, Mchaga kaolewa na Msambaa, na watoto wao wanazungumza Kiswahili tu nyumbani. Nchi chache za Afrika zimefanikiwa kuutoa ukabila kwenye posa kama sisi. Lakini shule ile ile iliyovunja uzio wa kabila ikajenga uzio wa cheti. Leo mshenga anaweza asiulize kwenu ni wapi. Anauliza umesoma nini na unafanya kazi wapi.

Tupige hesabu kidogo, ya kubuni, ili tuone cheti kinafanya nini kwenye mfuko wa nyumba. Chukueni watu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wamesoma, kila mmoja analipwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Wawili waliobaki waliishia darasa la saba, kila mmoja anapata shilingi 200,000. Fedha zote ni shilingi 2,400,000. Kama kila msomi ameoana na asiyesoma, tuna nyumba mbili, kila moja ina shilingi 1,200,000. Sasa tuwapange upya, msomi kwa msomi. Nyumba moja inapata shilingi 2,000,000, ya pili inapata 400,000. Moja imekuwa mara tano ya nyingine. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyepandishwa cheo wala kufukuzwa kazi. Fedha ni zile zile, watu ni wale wale.

Huo ni mwezi mmoja. Nyumba ya shilingi 400,000 italipa kodi ya chumba, itanunua unga, mkaa na nauli, na mwezi utakuwa haujaisha. Nyumba ya shilingi 2,000,000 itakula vizuri, italipa mikopo miwili ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, asilimia 15 ya kila mshahara, na bado itabakiwa na kitu. Kile kinachobaki kinanunua kiwanja Goba, Kibamba au Kigamboni. Hawajengi kwanza. Wanazungushia miti ya minyaa na kuweka mtu wa kukitazama. Barabara ya lami inakuja, nguzo za umeme zinakuja, bei inapanda wao wakiwa wamelala. Hati inapelekwa benki kuwa dhamana, mkopo unajenga nyumba, vyumba vya uani vinapangishwa. Baada ya miaka 15 tofauti ya nyumba zile mbili haipo tena kwenye mishahara, ipo kwenye ardhi. Na mshahara hufa na mwenyewe. Kiwanja hubaki.

Tumtazame mtoto sasa. Huyu wa nyumba ya kwanza anaamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la njano la shule ya mchepuo wa Kiingereza. Shule hizi zimechipuka tangu miaka ya 1990, milango ilipofunguliwa kwa shule binafsi za msingi; kabla ya hapo wenye uwezo waliwapeleka watoto Kenya na Uganda. Jioni akikwama kwenye hesabu, mama aliyeandika tasnifu yake kwa Kiingereza anamwelekeza. Mama akiwa safarini, baba yupo. Mtoto wa nyumba ya pili anasoma shule ya serikali, Kayumba kama tunavyoziita, darasa limejaa, na jioni hakuna wa kumuuliza. Anafundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi. Kisha siku moja anaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia, historia na jiografia zote zimegeuka Kiingereza. Mwenzake aliyavuka hayo akiwa na miaka mitano. Watapimwa kwa mtihani mmoja wa kidato cha nne, na matokeo yakitoka tutasema huyu ana akili na yule hana.

Atakayeshinda atakwenda chuo. Huko atampata mwenzake, naye mtoto wa mishahara miwili. Wakioana, mjukuu atazaliwa akiwa na babu na bibi wanne waliosoma, na viwanja vya pande mbili vinamsubiri. Katika kizazi cha tatu hakuna tena shemeji wa kijijini wa kusomeshwa. Njia ile iliyoishusha fedha imeota majani.

Kuna mtu mmoja amesimama katikati ya habari hii na hatumtaji, dada wa kazi. Ndiye aliyeamka kabla ya wote saa kumi, akachemsha chai, akampigia mtoto pasi sare, akamfungia kamba za viatu, akasimama naye getini gizani hadi basi lilipokuja. Ametoka Iringa, Singida au Lushoto. Amemaliza darasa la saba, au kidato cha nne akapata sifuri kwenye shule ya kata ambayo haikuwa na mwalimu wa fizikia. Asipokuwepo, mmoja wa wale wasomi wawili itabidi aache kazi abaki na watoto. Mishahara yao miwili inasimama juu ya mshahara wake mmoja mdogo. Naye ana miaka 19 na moyo wake kama msichana yeyote. Ataolewa na nani? Na mlinzi wa nyumba ya jirani, au muuza maji, au kijana wa gereji, watu wema kabisa, ambao elimu yao inalingana na yake. Mtoto atakayemzaa, kwa kiasi kikubwa, atalelewa na bibi kijijini wakati mama yake anamlea mtoto wa msomi.

Wataalamu wamelipima jambo hili la watu kuoana cheti kwa cheti. Mwaka 2021, katika jarida la Demography, mtafiti Luca Maria Pesando alichapisha uchambuzi wa tafiti za idadi ya watu na afya zilizofanywa katika nchi za kusini mwa Sahara. Mnazifahamu tafiti hizo. Ni wale wanaokuja na madodoso wakauliza sakafu yenu ni ya saruji au udongo, paa ni la nini, maji mnachota wapi, mna redio, baiskeli, jokofu? Aliona kwamba watu kuoana kwa kulingana elimu kumeongezeka kizazi hadi kizazi katika kila ukanda isipokuwa kusini kabisa mwa Afrika, na kwamba ongezeko hilo limetoka zaidi vijijini kuliko mijini. Ukifikiri, hilo la vijijini halishangazi. Zamani kijiji kizima hakikuwa kimesoma, hivyo hapakuwa na wa kumchagua kwa cheti. Leo wapo waliosoma na wasiosoma ndani ya kijiji kimoja, na wanatambuana.

Tofauti ya mali baina ya kaya, kwa hesabu zake, inatokana na ndoa za namna hiyo kwa asilimia kati ya 3 na 12. Nataka tuipokee namba hiyo kama ilivyo. Si kidogo, lakini si yote. Na alionyesha pia kwamba kuongezeka kwa ndoa hizi peke yake hakuelezi kwa nini pengo la mali limepanda au kushuka mwaka hadi mwaka. Wachumi Eika, Mogstad na Zafar walifikia mahali hapo hapo mwaka 2019 walipochunguza Marekani, Uingereza, Ujerumani, Denmark na Norway. Ndoa inakuza pengo ambalo tayari lipo. Kinacholizaa ni umbali uliopo kati ya malipo ya mwenye cheti na ya asiye nacho, na ni nani aliyeruhusiwa kukipata cheti chenyewe.

Nasisitiza hili kwa sababu namsikia msikilizaji mmoja akisema, basi tatizo ni hawa wanawake wasomi wanaochagua. Hapana, ndugu yangu. Mwanamke aliyesoma akampenda aliyesoma hajamkosea mtu. Watu huoana na wale wanaokutana nao, maktabani, kazini, kanisani, kwenye harusi za rafiki. Na tusizitamani ndoa za zamani kana kwamba zilikuwa usawa. Usawa ulikuwa baina ya nyumba na nyumba. Ndani ya nyumba mke asiyesoma mara nyingi hakujua mumewe analipwa kiasi gani.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisikiliza shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Alikuwa mama wa nyumbani. Baada ya talaka alidai sehemu ya mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Swali lilikuwa kama kupika, kufua na kulea ni mchango katika kuchuma mali, kwa maana ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mahakama chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikasema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango. Yeye mwenyewe hakupata alichoomba katika rufaa ile, lakini kanuni ikabaki na imewasaidia wanawake wengi baada yake. Kabla ya hapo mali ya mume msomi ilikuwa kwa mkewe kama kitu cha kuazima.

Na kwa wajane wengi bado ni ya kuazima. Tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963 halimpi mjane sehemu katika urithi wa mumewe pale ambapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Anategemea kutunzwa na watoto wake. Kwa Waislamu mjane mwenye watoto ana thumuni yake. Lakini mjane aliyesoma, ambaye jina lake liko kwenye hati pamoja na la mumewe na wosia uko kwa wakili, haguswi. Mjane wa darasa la saba huona mashemeji wanarudi siku ya tatu baada ya mazishi kuulizia funguo na kadi ya gari. Kwa hiyo hata mali inapovuka uzio kwa njia ya ndoa, sheria ya urithi inaweza kuirudisha ilikotoka, na watoto wakaanza upya bila kitu.

Sasa tufanye nini? Hatuwezi kuwapangia watu wachumba, wala si haki kutamani hivyo. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba siku binti wa mama lishe anapofika umri wa kuchumbiwa, naye ana cheti mkononi. Kwa muda mrefu sheria yenyewe ilimtoa kwenye mbio kabla hazijaanza. Sheria ya Ndoa iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, na wa 14 kwa idhini ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaifikisha serikali mahakamani. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinavunja katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Novemba 2021 serikali ikaruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi darasani. Ada imeondolewa kwenye shule za serikali hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Hizi ni hatua kubwa, nami nazisifu kwa moyo wote.

Ila mlango umefunguliwa na darasa limejaa. Nafasi ya kukaa kwenye dawati si elimu. Utafiti mwingine wa mwaka 2021, wa Alesina, Hohmann, Michalopoulos na Papaioannou, uliwatazama watoto wa Afrika ambao wazazi wao hawakumaliza shule ya msingi, ukauliza ni wangapi waliomaliza wao. Botswana na Afrika Kusini walikuwa zaidi ya asilimia 70. Kwa jirani zetu Malawi na Msumbiji walikuwa chini ya asilimia 20. Mtoto wa maskini ni yule yule, tofauti ni nchi aliyozaliwa na shule aliyoikuta. Na kwetu hapa suala la lugha lazima tuliamue. Tuifundishe sekondari kwa Kiswahili, au tufundishe Kiingereza kwa dhati Kayumba tangu mwanzo kwa walimu wanaokijua. Kumwacha mtoto wa maskini avuke mto huo peke yake, wakati wa tajiri amevushwa kwa basi, ni dhuluma.

Nawageukia sasa ninyi mlio katika nyumba za mishahara miwili, na nyumba yangu ni mojawapo. Kama una dada wa kazi, mwandikie mkataba, mchangie mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, mpe saa za mchana akasome masomo ya sekondari kwa njia ya QT au ushonaji chuo cha VETA, na ulipe wewe. Kama mwanao anapanda basi la njano, shule ya serikali ya mtaa wenu bado ni yako. Ina kamati ya shule, ina mikutano ya wazazi. Nenda, hata kama huna mtoto pale, maana sauti yako mwalimu mkuu na diwani wataisikiliza kuliko ya mama lishe, na hiyo ni nguvu uliyopewa bure. Andikeni wosia, na mume aweke jina la mkewe kwenye hati. Na kama wewe ndiye ulisomeshwa na shemeji, mtafute mtoto mmoja wa upande ule ambao haukufika, umshike mkono hadi amalize.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni, na fedha za walimu na madarasa hupitishwa huko. Muulize mbunge wako kama amesoma bajeti ya elimu kabla ya siku ya kuipigia kura, na atasema nini kuhusu Kayumba ya jimboni kwake.